Gereji ya kabureta Unga Limited: ekzosi nilifungiwa kwingine, kazi ikaja kumalizwa hapa

Nianze na jibu kabisa kwa asiye na muda wa kusoma yote. Kama umefunga ekzosi ya resi kwenye pikipiki ya kabureta na upo Arusha au Moshi, ipeleke kwa huyu fundi wa Unga Limited, hapa Arusha, kabla hujaanza kuikimbiza. Ufundi ni elfu 40, jeti (vile vipande vya kabureta vyenye tundu la kupimia mafuta) na gasketi unalipia pembeni, ukiiacha asubuhi mapema jioni unaondoka nayo kama foleni sio kubwa. Najua elfu 40 ni hela, mana kijiweni kuna jamaa atakuzungushia skrubu kwa elfu 5 ukiwa umekaa juu ya pikipiki, ila hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na ndo sababu nimeamua kuandika kwa urefu.

Chombo changu ni pikipiki ya Kichina ya cc 200, ile ya miguu mirefu, injini ya mtindo wa zamani wa Honda CG ya pushrodi, kabureta PZ30. Injini ngumu, haina mambo mengi, spea zake hazisumbui kupatikana, naipenda kwa hilo. Ekzosi ya kiwandani ilikuwa imeoza kwa chini kwahiyo badala ya kununua nyingine kama ile nikachukua ya resi, shingo pana kidogo, kopo fupi, nyepesi sana ukiinyanyua. Duka lililoniuzia likanifungia pale pale, fundi wao akasikiliza mlio, akazungusha skrubu ya silensa kidogo (silensa namaanisha injini inavyounguruma ukiwa hujavuta mafuta), akaniambia tayari kaka, hii haihitaji kitu kingine.

Ilihitaji. Ukiachia mafuta kwenye mteremko inapiga mabomu mpaka watu wa pembeni wanageuka, ukivuta mafuta kutoka chini inaondoka vizuri afu hapo katikati inachoka, unasubiri kidogo, ndo inashika tena. Asubuhi za mwezi wa saba, na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba wote tunaijua, haikubali kusimama bila choki muda mrefu. Kilichonitisha zaidi ni joto. Ukikaa kwenye foleni ya Mbauda unasikia mapaja yanaungua, na shingo ya ekzosi ikaanza kugeuka bluu karibu na hedi. Nikachomoa plagi nikakuta nyeupe pee, hamna hata kivuli cha kahawia. Hapo nikajua hii injini inakula hewa nyingi kuliko mafuta na nikiendelea nayo hivi nitaiua.

Jamaa mmoja anayepiga safari za Monduli na pikipiki ndo akanielekeza Unga Limited. Gereji haina bango, ni banda la mabati upande wa nyuma ya maduka ya spea, ukiulizia fundi wa kabureta za pikipiki kubwa vijana watakuonyesha. Fundi mwenyewe ni mtu mzima, mpole, anaongea kidogo, ana dogo mmoja anayemfundisha kazi. Nikamsalimia shikamoo, nikaanza kumweleza inapiga mabomu, inachoka katikati, akaninyooshea mkono nisubiri, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. "Unaishi wapi na huwa unaenda nayo wapi?"

Nikamwambia naishi Sakina, kazi zangu zinanipeleka Moshi karibu kila wiki, mara moja moja Karatu, na kuna kipindi nashuka nayo mpaka Tanga. Akaandika yote kwenye daftari. Dogo wake akaandika namba ya jeti iliyokuwepo, akaandika skrubu ilikuwa imelegezwa mizunguko mingapi, akaandika hali ya plagi. Kabla hawajagusa chochote! Mi nimepeleka pikipiki kwa mafundi wengi na sijawahi kuona hili, kawaida mtu anaanza kufungua tu, ikiharibika zaidi hamna anayejua ilikuwaje mwanzo.

Sasa kitu cha kwanza alichofanya wala hakikuwa kwenye kabureta. Akaiwasha, akachukua kitambaa kizito akaziba mdomo wa ekzosi kwa nyuma kidogo tu huku ameinamisha sikio pale shingo inapoingia kwenye hedi. Pale pale tukasikia tsi tsi tsi. Kumbe waliofunga ekzosi walirudishia gasketi ya zamani, ile ringi ya shaba iliyokuwa imeshalala, haizibi tena. Akanieleza kwamba hiyo peke yake inaleta nusu ya yale mabomu, mana ukiachia mafuta ekzosi inavuta hewa ya nje kupitia hapo, ile hewa inakutana na mafuta ambayo hayajaungua kwenye bomba la moto, inawaka humo humo ndani ya ekzosi. Akaweka gasketi mpya, akakaza nati mbili za shingo kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, sio kumaliza upande mmoja kwanza. Tukawasha tena, mabomu yamepungua kweli na kabureta hajaigusa bado.

Hapa ndo nilianza kumwamini. Fundi mwingine angeona mabomu angekimbilia kuongeza mafuta kwenye kabureta, ingekuja kunyamaza, afu unaondoka na pikipiki inayokula mafuta bure wakati ugonjwa ulikuwa ringi ya shaba ya elfu mbili.

Baada ya hapo akapima tapeti, yaani mwanya wa valvu, kwa filagaji injini ikiwa imepoa, akaangalia eakilina (chujio la hewa), akapulizia kabu klina, ile dawa ya kusafishia kabureta, kuzunguka ule mpira unaounganisha kabureta na hedi injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika ujue kuna upenyo unavuta hewa hapo. Wangu ulikuwa mzima. Akasema hakuna maana ya kuset kabureta kwenye injini ambayo tapeti zimekaza au inavuta hewa ya wizi, utaset leo kesho inakudanganya.

Nieleze kidogo kilichokuwa kinatokea ndani, mana vijana wengi wanafunga hizi ekzosi bila kuelewa. Ekzosi ya kiwandani imebanwa makusudi, kwa ajili ya kelele na moshi, na jeti za kiwandani zimechaguliwa kuendana na huo mbano. Ukiweka iliyo wazi moshi unatoka kirahisi, silinda inasafishika vizuri zaidi, hewa mpya inaingia nyingi. Jeti ni ile ile, na mafuta yanayopita hayaongezeki sawasawa na hewa. Petroli inataka hewa kama kilo 14.7 kwa kilo 1 ya mafuta ili iungue yote, lakini ukiwa umefungua mafuta yote injini inabeba mzigo inataka mafuta mengi zaidi ya hapo, kwenye 12.5 hadi 13 kwa 1 hivi, hapo ndo inatoa nguvu na yale mafuta ya ziada yanasaidia kupoza chumba cha moto. Ikipungukiwa, inaungua kwa joto kali, valvu ya ekzosi inaanza kuliwa mdomo, na kwa mtu anayekimbiza masafa marefu hata pistoni inaweza kutoboka. Kwahiyo sio suala la mlio wala la mbwembwe, ni uhai wa injini.

Kabureta nayo haina sehemu moja ya kupima mafuta. Hapa ndo yule wa elfu 5 anapokwama. Ukiwa silensa mpaka robo ya mkono wa mafuta, kazi inafanywa na jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano inayopanda na kushuka na pistoni ya kabureta. Kutoka robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Zinaingiliana kidogo kidogo ila kila moja ina eneo lake. Sasa mtu akikuzungushia skrubu peke yake amegusa silensa tu, huku juu unapokimbia 80 kwenda Kisongo injini bado ina njaa ile ile.

Fundi alichukua selotepu ya karatasi akabandika kwenye mkono wa mafuta na nyingine pembeni yake pale pasipozunguka, akachora alama: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Akaniambia nenda uzunguke, urudi uniambie inachoka kwenye alama gani, usiniambie inachoka katikati, niambie alama. Nikaenda, nikarudi: inachoka kati ya robo na nusu, na kwenye mwisho inapanda resi lakini haina mvuto. Aisee kitu rahisi kama selotepu kimefanya ile "inachoka" yangu iwe na maana.

Akaanza na jeti kubwa. Iliyokuwepo ni 110. Hapo dogo akaniambia wateja wengi wanakuja na jeti zimeshachokonolewa, mtu amechukua uzi wa kebo ya breki au msumari mwembamba akapanua tundu akidhani anaongeza mafuta. Jeti ni ya shaba laini, ukiichokonoa tundu linakuwa sio duara tena, namba iliyoandikwa haina maana na hakuna anayeweza kujua ni ngapi sasa. Pale hawachokonoi wala hawatoboi, ana kiboksi cha jeti zimepangwa kwa namba, namba ikiwa kubwa tundu ni kubwa, anabadilisha jeti nzima. Kusafisha ni kwa kabu klina na upepo wa kompresa, basi.

Akaweka 118 kwanza, akafunga plagi mpya, tukaenda wote barabara ya kuelekea Kisongo, yeye kwenye chombo changu mi nimempakia dogo kwenye pikipiki yao. Kwenye kipande kilichonyooka akafungua mafuta yote kwenye gia ya nne kwa muda, afu kwa pamoja akabana klachi na kuzima injini, akaiacha iserereke mpaka pembeni. Hakuiacha irudi silensa, mana ikikaa silensa hata dakika moja plagi inabadilika rangi na unasoma habari ya silensa badala ya habari ya jeti kubwa. Akachomoa plagi pale pale barabarani, akaitazama na kioo cha kukuzia. Ilikuwa nyeusi kidogo kwenye shina la ile kauri, akasema hii imezidi. Akaweka 115, akarudia, ikaja rangi ya kahawia iliyopauka. Akanionyesha, akanieleza: nyeusi yenye masizi makavu mafuta mengi, nyeupe mafuta kidogo na joto, hii hapa ndo tunayoitaka, na nyeusi ya unyevunyevu wa oili hiyo ni habari ya ringi za pistoni au sili za valvu, kabureta haihusiki.

Najua wapo watakaosema plagi za siku hizi na petroli isiyo na madini ya risasi zinachelewa kuonyesha rangi. Ni kweli zinachelewa, ndo mana alitumia plagi mpya na akaitazama kule ndani kabisa chini ya kauri wala sio nchani. Mashine ya kupima moshi hana. Lakini alichanganya rangi ya plagi na mvuto wa pikipiki na sikio lake, vyote vitatu vikakubaliana ndo akaandika 115.

Kwenye sindano akahamisha klipu mfereji mmoja kwenda chini. Hapa wengi wanachanganya: klipu ikishuka sindano inapanda, na sindano ikipanda mafuta yanaongezeka. Ule uchovu wa kati ya robo na nusu ukaisha palepale, yaani nilivyoijaribu sikuamini ni ile ile. Kama ningechagua sehemu moja tu ya kazi yote ya kulipia, ningelipia hii ya sindano, mana hapo kati ndo tunaendeshea maisha yetu yote. Nani anafungua mafuta mpaka mwisho hapa mjini?

Mwisho kabisa ndo akaja kwenye skrubu, ile ile ambayo wengine wanaanza nayo na kumaliza nayo. Injini ikiwa ya moto. Na hapa alinifundisha kitu ambacho naomba kila mwenye pikipiki akishike. Skrubu ikiwa upande wa injini inapima mafuta, ukiilegeza unaongeza mafuta. Ikiwa upande wa eakilina inapima hewa, ukiilegeza unapunguza mafuta. Kwahiyo ushauri wa "legeza nusu mzunguko" unaopewa na rafiki mwenye kabureta nyingine unaweza kukupeleka kinyume kabisa. Akaikaza polepole mpaka injini ikaanza kusita, akailegeza mpaka resi ikafika juu yenyewe, akatafuta pale katikati ilipo laini zaidi, afu akashusha silensa kwa ile skrubu nyingine. Akahesabu, imekaa mizunguko miwili na robo. Akasema ingevuka mitatu angebadilisha jeti ndogo aweke namba ya juu, na ingekuwa chini ya mmoja angeweka namba ya chini, lakini hapa ilipo jeti ndogo ya kiwandani inatosha.

Sasa nirudi kwenye lile swali la unaenda wapi, kwasababu hili ndo linalomtofautisha huyu mzee na hata mafundi wazuri wa Dar. Arusha tupo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa pwani, yaani kila injini ikivuta pumzi inapata hewa pungufu, wakati kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta karibu yale yale. Kwahiyo pikipiki iliyosetiwa vizuri Dar ikija huku inakuwa na mafuta mengi, inavuta kizito, plagi inakuwa nyeusi. Ekzosi ya resi inapeleka upande wa pili, inapunguza mafuta. Vinavutana! Ndo mana kufuata namba za jeti za watu wa mtandaoni waliopo pwani ya nchi zao ni hatari, utaweka jeti kubwa mno, utashangaa mbona haina nguvu na mafuta yanaisha. Mtu wa Dar mwenye chombo kama changu na ekzosi kama yangu pengine angehitaji 118 au zaidi, mi hapa 115 imetosha.

Afu mkoa wetu na jirani zetu sio tambarare. Ukitoka Arusha ukishuka kwenda Moshi, kilomita 80 tu, pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, upo mita 894, Moshi mjini nako ni chini ya 900. Ukienda upande wa pili Mto wa Mbu upo chini ya 1,000 afu unapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu unarudi juu tena ya 1,400. Ukishuka hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unapungukiwa mafuta. Kwa tofauti ya Arusha na Moshi haileti shida kama umesetiwa na nafasi kidogo, na ndicho alichofanya, hakuiweka kwenye ukingo. Kwa Tanga akaniambia hapana, kule ni baharini na ni joto na barabara ni ndefu ya kukimbia. Akachukua ile 118 iliyozidi huku, akaiweka kwenye kibahasha akaandika juu "Tanga, Dar", akanionyesha namna ya kufungua nati ya chini ya kikombe cha kabureta na kuibadilisha bila kutoa kabureta yote. Hiyo jeti nililipia elfu 6. Sijawahi kuona huduma kama hiyo kwa fundi yeyote wa pikipiki huku kwetu, fundi anayefikiria safari yangu ambayo bado sijaipanga.

Matokeo. Mabomu yameisha isipokuwa kimoja kimoja nikiachia mafuta ghafla kwenye mteremko mrefu, na alishaniambia hicho ni cha kawaida kwa kopo lililo wazi. Inawaka asubuhi kwa choki fupi. Joto limepungua, ule mguu wa kulia nimeusahau kabisa. Kupanda Ilboru nikiwa na abiria naenda gia ya tatu pale nilipokuwa nashusha ya pili. Kwenye mafuta sitawadanganya, inakula zaidi kidogo kuliko ilipokuwa na ekzosi ya kiwandani, na ni lazima iwe hivyo kwasababu tumeongeza mafuta makusudi. Na nguvu pia niseme ukweli, ekzosi peke yake kwenye 200 ya namna hii haikupi farasi wengi. Ulichopata ni wepesi wa chombo, mlio, na kupanda resi kwa wepesi, basi. Anayekuambia itakuwa pikipiki nyingine anataka hela yako.

Yasiyonifurahisha yapo. Hapokei simu akiwa kazini, kwahiyo huwezi kujua foleni ikoje mpaka ufike. Hakuna pa kukaa zaidi ya benchi moja na mchana jua linapiga kwenye mabati, ukienda beba subira na maji. Risiti hana, kuna daftari tu, kwa mtu anayehitaji kurudishiwa gharama ofisini hiyo ni shida kubwa na ningependa alirekebishe. Jeti zake nyingi ni za kabureta za PZ na za Boksa na TVS, ukiwa na kabureta ya Mikuni au Keihin ya pikipiki kubwa ya Kijapani itabidi uagize mwenyewe, ukifika nazo anakufungia. Pikipiki za injeksheni hagusi kabisa, anakwambia wazi zile zinataka kompyuta na yeye hana. Naheshimu hilo kuliko mtu anayebahatisha na chombo cha watu.

Jambo lingine ambalo wengine watalichukia ila mi nampongeza. Wakati nipo pale alikuja kijana wa bodaboda na Boksa, anataka ekzosi itobolewe ilie. Mzee akamkatalia. "Mwanangu, wewe unatafuta hela kwa hiyo pikipiki. Ukiitoboa itakula mafuta, abiria atakimbia kelele, na trafiki atakusimamisha kila siku. Nikufanyie sevisi nzuri, uende." Akamsafishia kabureta, akampimia tapeti, kijana akaondoka na ekzosi yake nzima. Kwangu pia aliniuliza kama nitatoa kile kizibo cha ndani cha kupunguza kelele. Nikamjibu kinabaki, tunaishi na wagonjwa na watoto huko mitaani, akasema vizuri, kwasababu siku ukikitoa hesabu yote hii inabadilika na itabidi urudi tuanze upya.

Ukienda usioshe pikipiki wala usibadilishe plagi kabla, nenda na plagi ile ile uliyokuwa unatembelea, anaanza kuisoma hiyo. Nenda na mafuta ya kutosha kwenye tenki kwasababu ya majaribio ya barabarani. Jumapili hafungui. Ukishatengenezewa atakwambia urudi baada ya kama wiki injini ikiwa imepoa, akaze tena nati za shingo ya ekzosi mana gasketi mpya inalala ikipata joto, na atazame plagi kwa mara nyingine. Hiyo hailipiwi. Mi niliporudi nati moja kweli ilikuwa imelegea robo mzunguko, plagi ipo kahawia ile ile, akaandika tarehe kwenye daftari pembeni ya 115.